Wote Wanapita kwa Mkubwa

Kwetu chini ya milima hii mtoto hatafutiwi jina. Jina linamngoja kabla hajazaliwa. Mvulana wa kwanza ana lake, wa pili ana lake, wa tatu vivyo hivyo, na wasichana nao wana safu yao. Ukisikia mtu anaitwa, umeshajua alizaliwa wa ngapi kwa mama yake. Ni jambo zuri. Lakini hebu simama sokoni Bwera uite jina la msichana wa pili, uone ni wanawake wangapi watageuka. Hata mimi nitageuka.

Mimi majina hayanichanganyi. Shule niliiacha mapema, kichwa kikabaki na nafasi, na ile nafasi ikajaa watu. Wenye jina moja nawatenganisha kwa mama zao, kwa kilima wanacholima, kwa mto wanakochota maji, kwa namna wanavyopanda ngazi ya kanisa. Sitayaandika majina hayo hapa. Ni mali ya wenyewe, na wengine wameshalala.

Aliyeteseka na majina yetu ni chama cha kahawa. Ofisi yake iko Bwera, barabara inayoteremka mpakani, ubavuni mwa wabadilisha fedha. Unafika na gunia lako, karani anauliza jina, unataja, anaandika. Lakini anaandika la nani? Msimu mmoja kahawa yangu iliandikwa kwa mwanamke wa kilima cha pili mwenye jina kama langu, na yake ikaandikwa kwangu. Tulikwenda kwa meneja tumeshikana mikono, tunacheka. Sisi wenyewe tulikuwa tunajuana vizuri sana. Ofisi ndiyo ilikuwa haitujui.

Mjukuu wangu, binti wa mwanangu, alisikia habari hiyo akiwa ameshamaliza masomo ya kompyuta Kasese mjini, kwa wazazi wake. Kazi hakupata, akaja kukaa kwangu. Kwetu bibi huitwa mukaka, na neno hilo nilianza kulisikia tena nyumbani asubuhi na jioni, baada ya miaka ya ukimya. Siku moja tunachambua kahawa kwenye mkeka akasema, "Mukaka, hii kitu mimi naweza kuitengeneza." Nikadhani anasema mkeka.

Alichokuwa anasema ni programu. Karani aandike jina tu, basi programu iiulize kompyuta kubwa iliyoko makao makuu ya chama, kule Kasese, nayo ilete picha za wanachama wote wenye jina hilo, kila mmoja na kilima chake na jina la mama yake. Karani aangalie uso ulio mbele yake, achague. Kwisha.

Tulikaa barazani mvua zote za msimu ule. Mimi nasema, yeye anaandika. Huyu ni wa yule aliyeolewa Muhokya akarudi. Huyu mama yake alikuwa fundi wa vyungu. Huyu, usimchanganye na mwenzake mwenye kovu. Mvua ikikatika alizunguka vilimani kuwapiga wanachama picha, na vyote akavipeleka kwenye kompyuta ile ya Kasese. Akawa ananiita seva. Nikamuuliza seva ni nani. Akasema, "Ni ile inajua yote na haizimwi." Nikamwambia basi hapo amekosea, kwa sababu mimi nikishakula ugali nazimika palepale kitini.

Meneja wa Bwera ni mtu mzuri lakini mwoga wa vitu vipya. Alimwambia mjukuu wangu maneno yaliyo wazi. Mkutano wa wanachama unakuja. Kama siku ya mkutano programu inafanya kazi palepale ofisini, chama kitamwajiri aitunze. Kama haifanyi, tutaendelea na karatasi zetu. Na mjukuu alikuwa ameshaniambia upande wake: isipowezekana, anakwenda Kampala. Binamu yake alikuwa amemtafutia nafasi ya kuuza simu dukani, na mwenye duka alikuwa hataki kungoja sana.

Mimi sikutaka aende. Sikumwambia, maana mtoto ukimwambia usiende umemfunga kamba, lakini sikutaka. Nyumba yangu imetoa watu wengi. Wanatoka wakiwa wamejitwika godoro, wanarudi wakiwa wageni wanaouliza choo kiko wapi.

Basi nyumbani kwangu programu ilitembea kama maji. Aliwasha intaneti ya simu yake, akaandika jina langu, tukaona wanawake wamejipanga pale kwenye kioo, na mimi katikati yao nimekunja uso kwa sababu siku ile ya picha jua lilikuwa kali. Nilicheka mpaka jirani akaja.

Tulishuka Bwera kwa boda boda mbili, yeye na kompyuta yake mbele, mimi na kifurushi cha ndizi za meneja nyuma. Akaiweka programu kwenye kompyuta ya karani. Akaandika jina. Tukangoja. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, halafu yakatokea maandishi mekundu. Akanisomea: muda umekwisha, hakuna aliyejibu.

"Mukaka, ku nyumba ilikuwa inatembea," akaniambia kwa sauti ya chini. "Hapa iko inakataa."

Karani ni mama aliyezaliwa ng'ambo, upande wa Congo, akaolewa huku, na Kiswahili chake hakijawahi kuvuka mpaka. Aliangalia foleni ya watu na magunia hadi nje mlangoni. "Fundi," akasema, "weye unafanya nini na masini yetu? Batu beko banangoja." Watu wakacheka, mjukuu wangu akainuka akampisha kiti.

Nje, kwenye benchi, alinieleza. Nyumbani programu inatoka yenyewe, inakwenda Kasese moja kwa moja, inauliza, inarudi. Ofisini hakuna kompyuta inayoruhusiwa kutoka yenyewe. Iko moja tu, imefungiwa chumba cha nyuma, na zote zinapitia kwake. Ukiwa na swali unampa yeye, yeye anatoka, anakuulizia, anakuletea jibu. Wao wanaiita proksi. Karani akifungua habari zake za mtandao anazipata, kwa sababu fundi aliyeweka vitu hivyo alishaionyesha kompyuta njia. Programu yetu haikuonyeshwa na mtu. Ilikuwa inapiga kichwa ukutani.

Nikamwambia hiyo naijua, ni mshenga. Kijana hafiki kwa baba wa msichana akafungua mdomo wake mwenyewe. Hata kama ana akili namna gani, hata kama wanajuana toka utoto, ataambiwa, wewe unaongea kama nani? Anatafuta mtu wa kumsemea. Akafikiri kidogo, akasema ni hivyo hivyo, ila huyu mshenga anataka aitwe kwa jina lake, uende kwenye mlango wake wenye namba yake, na umpe neno la siri. Nikamwambia na washenga wetu ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo kazi yake ikawa kurudi ndani ya maandishi ya programu na kuongeza mistari inayoiambia: usitoke mwenyewe, pitia kwa fulani. Kilichobaki kilikuwa kumjua fulani. Yule fundi wa zamani alikuwa amehama wilaya na simu yake haipatikani, na mipangilio aliyoiacha aliifunga kwa neno lake la siri. Basi mjukuu akamuuliza meneja. Namba ya mlango meneja alikuwa nayo. Neno la siri la mshenga alikuwa nalo. Na jina?

Lazima niseme hapa kwamba zile kompyuta za ofisi meneja alizipa majina mwenyewe siku zilipoletwa, na alizipa kama baba. Ya kwanza kununuliwa akaipa jina la mvulana wa kwanza, iliyofuata jina la wa pili, ya karani ikawa na jina la wa tatu, na kuendelea. Hata zinapoonekana kwenye mtandao zinaonekana kwa majina hayo. Wageni wakija kutoka Kampala wanashangaa. Sisi hatushangai. Ulitaka ziitwe nani?

Meneja akajibu akiwa anafunga pikipiki yake, "Wote wanapita kwa mkubwa."

Mjukuu hakuuliza zaidi. Nani kwetu angeuliza zaidi? Alikwenda akaandika ndani ya programu jina la mvulana wa kwanza.

Kesho yake tulirudi. Safari hii maandishi mekundu yalikuja upesi, na yalikuwa mengine. Hayakusema muda umekwisha. Yalisema huyo unayemtaja hajulikani. Akaandika jina tena, kwa herufi kubwa, kwa herufi ndogo. Akalitamka taratibu huku anaandika, kama mtu anayemwita mtoto aliyejificha. Hajulikani. Akarudi nyumbani jioni hiyo hakula vizuri. Aliniambia labda hakusoma vya kutosha. Labda kuuza simu si kazi mbaya. Mimi nilisema kuuza simu si kazi mbaya, ni kweli, nikaenda jikoni kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Asubuhi ya mwisho kabla ya mkutano tulishuka tena. Nilimsindikiza kwa sababu sikuweza kukaa nyumbani. Karani alikuwa hana watu, mvua ilikuwa imewazuia milimani, akamwachia mjukuu kiti bila maneno, hata akamletea andazi. Mjukuu alikuwa anapitia mistari yake mmoja mmoja. Meneja akaingia na kikombe cha chai, akainama nyuma yake kuangalia kioo. Macho yake yakasimama kwenye lile jina.

"Huyu unamtafutia nini?" akauliza.

"Si ndiye mkubwa? Ulisema wote wanapita kwa mkubwa."

Meneja aliweka kikombe mezani polepole. "Mwana wangu," akasema, "huyu alikufa."

Ndipo akatueleza. Mvua za mwaka uliopita radi ilipiga waya wa stima, ikaingia chumba cha nyuma, ikamuua yule wa kwanza. Moshi tu. Bado yumo stoo, amefunikwa na magunia, kwa sababu hakuna aliyetaka kumtupa. Kazi yake akaichukua wa pili. Tangu siku hiyo wa pili ndiye mkubwa, wote wanapitia kwake. Lakini jina lake halikubadilishwa, na kompyuta mpya iliyonunuliwa baadaye haikupewa jina la marehemu. Ilipewa jina lake la mwisho wa safu. Meneja alisema hata wazo hilo halikumjia. Mtoto akifa, nafasi yake aliyozaliwa nayo inabaki yake. Humpi mwingine.

Karani akatikisa kichwa. "Ni haki," akasema. "Ya marehemu ni ya marehemu."

Mjukuu wangu aliweka mikono mdomoni. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu nikaona ni vyote viwili.

"Kama baba," akasema.

Ilinipiga mimi pia, hapo kwenye kiti cha wageni. Mwanangu wa kwanza hakufika umri wa kung'oa meno ya utoto. Wa pili ndiye aliyekuja kuwa baba yake huyu msichana. Tangu baba yao alipoondoka duniani, kila jambo la nyumba yetu linapita kwake: posa, msiba, mpaka wa shamba. Kwenye vikao anakalishwa kiti cha mkubwa, na watu wanamwita mkubwa, na jina lake mpaka leo linasema wa pili. Hakuna aliyewahi kukaa chini kumweleza mtoto huyu. Alikulia ndani yake kama unavyokulia ndani ya moshi wa jiko, huoni tena. Na alipokwenda kuandika, aliandika mkubwa wa majina, akasahau mkubwa aliyezoea kumwona nyumbani.

"Mimi ndiye ningejua kuliko wote hapa," akamwambia meneja.

Meneja akasema hapana, yeye ndiye angesema vizuri. Karani akawaambia wote wawili wamefanana na waache mutoto aandike.

Akafuta jina la wa kwanza. Nilimwona kidole kimesimama kidogo kabla ya kufuta. Akaandika la wa pili, na namba ya mlango, na neno la siri. Akaandika jina langu. Kiduara kikazunguka. Na hao wanawake wakaja, wamejipanga, na mimi katikati yao na jua langu usoni.

Meneja alikunywa chai yake yote bila kuishusha. Karani akaniangalia, akaiangalia picha, akasema pale kwenye kioo niko mkali zaidi.

Lakini haikuwa imekwisha. Mizani ya ofisi ina kompyuta yake ndogo palepale, hatua chache kutoka kwa karani, na programu ilitakiwa kuchukua uzito kutoka huko. Siku ya kwanza, kabla ya habari za mkubwa, hiyo ilikuwa sawa. Sasa ikakataa. Mjukuu akachunguza, akaona kwamba programu imetii kupita kiasi. Iliambiwa pitia kwa mkubwa, basi hata kuuliza mizani iliyo chumba kimoja nayo inakwenda kwa mkubwa, na mkubwa kazi yake ni mambo ya nje, mizani haijui.

Karani alipoelezwa hilo alicheka mpaka akashika meza. "Kuomba chumvi ku jirani," akasema, "mutu anapitia Kinshasa?"

Mjukuu akaongeza mstari mwingine wa kuiambia programu kwamba walio ndani ya nyumba hii waendee wenyewe, mshenga ni wa kwenda nje. Gunia likawekwa, uzito ukaonekana, na jina na uso na kilima vikakaa pamoja.

Nilidhani sasa tutakwenda nyumbani. Yeye akavuta kiti mbele tena. Nikamwona analitoa lile jina la wa pili ndani ya maandishi, lile lile lililotupa taabu yote. Nikamuuliza anafanya nini, si limefanya kazi? Akanieleza kwamba ameliweka mahali pabaya. Limo ndani ya mfupa wa programu. Akitaka mtu kulibadilisha lazima apasue mfupa, na wa kupasua ni yeye peke yake. Anatengeneza kidirisha kidogo, karani akikifungua anaona nafasi: jina la mkubwa, mlango wake, neno la siri, na majirani wa kutopitishwa. Anaandika mwenyewe, anafunga.

"Kwa nini?" meneja akauliza. "Si tumeshampata?"

"Kwa sababu na huyu atakufa," akasema mjukuu wangu, bila kuinua macho.

Wakacheka, lakini meneja alicheka nusu. Alikwenda chumba cha nyuma, tukamsikia anasogeza vitu. Aliporudi alisema amemsogeza mkubwa mbali na ndoo inayokinga maji ya tundu la paa.

Siku ya mkutano watu walijaa hadi barabarani, na waendesha boda boda wakasimama na pikipiki zao kusikiliza bure. Meneja alimwita mbele mwanamke wa jina langu, yule wa kilima cha pili, pamoja na mimi. Tukasimama bega kwa bega. Karani akaandika jina moja, zikaja nyuso nyingi. Akamgusa mwenzangu, kikatokea kilima chake na jina la mama yake. Akanigusa mimi, kikatokea changu na jina la mama yangu. Mama yangu hakuwahi kuandikwa popote, si kanisani, si kwenye kodi. Nilisoma jina lake herufi kwa herufi, kwa sauti, na wazee wawili walioketi mbele wakaitikia, maana walimjua.

Mzee mmoja akauliza swali gumu. Na siku intaneti ikikataa? Mjukuu akasema kilichoandikwa kitabaki kikingoja ndani ya kompyuta, intaneti ikirudi kinakwenda. Mwingine akauliza kama kompyuta itamjua akinyoa ndevu. Huyo alijibiwa na karani, na siwezi kuandika alichojibiwa.

Walipokwisha kuikubali programu kwa kura ya mikono, meneja hakutoa hotuba. Alimwambia mjukuu wangu aje kuanza kazi Jumatatu, na kwamba ofisi ndogo ya Muhokya nayo inataka programu, lakini kule hakuna mkubwa. Kompyuta ni moja tu na inatoka yenyewe. Je, itawezekana?

"Pale kwenye jina la mkubwa tutaacha wazi," akasema mjukuu. "Ikiona pako wazi, inakwenda yenyewe."

Tulikaa kwenye kibaraza cha ofisi kungoja mvua ipungue. Akatoa simu, akampigia binamu yake wa Kampala, akamwambia mwenye duka atafute msichana mwingine. Binamu akauliza kama ana hakika. Akasema ndiyo, wakaongea kidogo habari za nyumbani, akaaga. Halafu akaniuliza Muhokya huwa tunakwendaje kutoka hapa, na kama ninamjua mtu wa kutupokea. Nikamwambia namjua, na dada yake namjua, na nikaanza kumtajia.